Staa Anaposti Mjengo, Tabora Wanatafuta Kianzio

Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliposti video ya mjengo wake mpya. Geti linajifungua lenyewe, bwawa la kuogelea, sebule kubwa kiasi kwamba aliyekaa kochi la huku anahitaji simu kumuita aliyekaa kochi la kule. Hadi hapo hakuna shida. Mtu akipata aoneshe, ndiyo raha ya kupata. Shida ilikuja kwenye maneno aliyoandika chini ya video: vijana acheni kula bata, acheni visingizio, nyumba zinanunulika, nyie hamtaki tu kujipanga.

Komenti zikamiminika. Hongera kaka. Mungu akuzidishie. Mfano wa kuigwa. Baada ya muda mashabiki wakaanza kusutana wenyewe kwa wenyewe, huyu akimwambia yule kwamba hela ya bando anayochoma kila siku ingeshakuwa msingi. Katikati ya fujo akaingia dada mmoja wa Tabora, mwalimu wa sekondari, miaka 27, anayepanga chumba na sebule mitaa ya Ipuli. Akaandika maneno matatu tu: "Kwa mshahara gani?" Akaoga matusi mpaka akafuta.

Swali la yule dada lilikuwa na akili kuliko video nzima. Ngoja lijibiwe basi, maana staa hakulijibu.

Mshahara wa mtu ni siri yake, ila chukua mfano wa kijana mwenye digrii, mtumishi wa umma, mshahara wa msingi 800,000 kwa mwezi. Si mbaya, mtaani wapo wengi wanaoutamani. Sasa fuata hiyo hela inavyosafiri kabla haijafika kwenye simu. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, hiyo ni 120,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, ni 40,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, ni 16,000. Kodi ya mshahara 68,000. Jumla ya makato 268,000. Mkononi inaingia 532,000, na hapo mwenye nyumba, genge, nauli na mdogo wake aliyepo chuo hawajanyoosha mkono.

Sasa lete nyumba. Siyo ya bwawa, nyumba ya kawaida tu ya vyumba vitatu, tuseme ya milioni 60. Benki haitoi yote, inataka mteja aanze kuweka chake. Kama ni asilimia 20, kianzio ni milioni 12. Zinabaki milioni 48 za mkopo. Riba za mikopo ya nyumba hapa Tanzania kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Chukua ile ya chini kabisa, 15, miaka 20 ya kulipa. Rejesho la kila mwezi linakuja kama 632,000.

Rudia kusoma hapo. Mkononi anapokea 532,000. Rejesho 632,000. Asile, asipande hata bodaboda, asimtumie mama yake hata shilingi, bado anadaiwa laki moja kila mwezi.

Na hata akitaka kujitoa mhanga, sheria haimruhusu. Mtumishi lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Kwa mfano huu theluthi ni kama 267,000, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kukatwa ni 265,000 tu. Kwa riba ileile na miaka ileile, 265,000 kwa mwezi inabeba mkopo wa kama milioni 20. Milioni 20 ni jamvi, kuta na madeni kwa muuza saruji.

Halafu kuna zile milioni 12 za mwanzo, ambazo ndizo ngoma yenyewe. Mwalimu akijibana aweke 100,000 kila mwezi bila kukosa, bila msiba, bila kuugua, atazifikisha baada ya miaka 10. Katika hiyo miaka 10 nyumba haitamsubiri kwa bei ya milioni 60. Kijana wa bodaboda anaijua hii habari ya kianzio, anayechukua simu kwa mkopo anaijua. Tofauti ni kwamba kianzio cha simu mtu anakipata kwa kuacha chipsi wiki mbili. Kianzio cha nyumba kinataka ujana wake wote, halafu ndiyo mkopo uanze.

Kwa hiyo jibu la swali la dada ni hili: kwa mshahara wake, hapana. Na haihusiani na bata. Angekuwa hajawahi kuonja hata soda tangu amalize chuo, hesabu ingetoka vilevile.

Wapo watakaosema benki ni wachoyo. Sababu kubwa ni kwamba benki nyingi zinatumia hela za wateja ambazo mwenye nazo anaweza kuja kuzichukua kesho asubuhi, sasa kuzifunga kwenye nyumba ya mtu kwa miaka 20 ni kujitafutia presha. Ndiyo maana mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC, kazi yake kuzipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe nyumba kwa muda mrefu. Imesaidia, maana kuelekea 2010 riba zilikuwa juu ya asilimia 20 na miaka ya kulipa ilikuwa michache. Lakini kuna mshindani mwingine ambaye hatajwi sana. Hadi mwaka 2022 serikali yenyewe ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka kwenye hatifungani zake za miaka 20 na 25, ndipo ikashusha. Mwenye hela akiwekewa mezani serikali kwa asilimia 15 na mwalimu wa Ipuli kwa asilimia 15, anamkopesha nani? Serikali haifukuzwi kazi, wala haiombi uhamisho kwenda Sumbawanga.

Wazee wanakumbuka kulikuwa na Benki ya Nyumba. Ilianza miaka ya 70 mwanzoni, ikafa 1995, na tangu ife nchi ilikaa zaidi ya miaka 10 bila mfumo wa maana wa kumkopesha mtu nyumba, mpaka zilipokuja sheria mpya za 2008. Leo akaunti za mikopo ya nyumba nchi nzima zinahesabika kwa maelfu machache tu, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Yaani aliyejenga kwa mkopo wa nyumba wa benki ni mtu adimu kuliko staa mwenyewe. Sasa huyo staa anaposema nyumba zinanunulika, anaongea na nani?

Tabora haijaanza leo kujua habari za mkopo, na hapa inabidi kurudi nyuma kidogo maana mji huu una historia ambayo wengi waliozaliwa hapohapo wanaipita tu kama wanavyoipita ile miembe mikubwa. Zamani Wazungu waliuita Kaze. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakakuta wafanyabiashara Waarabu wamekaa kwenye matembe yao makubwa, mji ukiwa njia panda ya misafara: huku Bagamoyo, huku Ujiji, huku kaskazini kuelekea Buganda. Biashara ile ilikuwa ya pembe za ndovu na, kwa aibu kubwa, ya watu. Na karibu yote ilikwenda kwa mali kauli. Mfanyabiashara anachukua vitambaa, shanga na bunduki kwa tajiri wa Zanzibar bila kulipa, anapanda bara, miaka inapita, anarudi na pembe ndiyo analipa. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Hakumkopesha kwa sababu Tippu Tip alikuwa mwanafunzi mzuri wa kujibana. Alimkopesha kwa sababu alikuwa na jina, na baba yake alikuwa mtu mzito hapahapa Unyanyembe.

Aliyebeba mzigo wenyewe ni nani? Mnyamwezi. Mpagazi na mzigo wa kilo 30 na ushee begani, miezi mitatu kutoka pwani, analipwa kwa vitambaa na posho ya njiani. Kwa mabega hayo tajiri wa pwani alizidi kutajirika na matembe ya Tabora yakazidi kuongezeka. Mpagazi mwenyewe hakuna aliyemkopesha tembe. Mpagazi wa jana, mpangaji wa leo.

(Na kwa kuwa ni mambo ya kupanga, mpangaji maarufu kuliko wote mkoani ni Livingstone. Mwaka 1872 alikaa miezi kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Tembe halikuwa lake na hakulipa kodi ya miezi 6 mbele. Leo hapo ni makumbusho. Wapangaji wengine wakichelewa siku 3 wanabandikiwa kufuli.)

Kile kitu ambacho Taria Topan alikiangalia kwa Tippu Tip, jina na mali, ndicho benki inakiangalia leo, ila siku hizi kinaitwa slip ya mshahara na hati. Huyo mwalimu ana mchumba, fundi seremala, anatengeneza vitanda na makabati ya mninga. Msimu ukiwa mzuri, wakulima wa tumbaku wakiwa wamelipwa, kijana anaingiza kwa mwezi mmoja kuliko mwalimu kwa miezi miwili. Lakini benki haimuoni. Hana slip, hana mkataba wa kazi, ana daftari la madeni lenye mafuta ya vanishi. Kwa hiyo ndani ya chumba na sebule kimoja kuna wawili: mmoja ana slip isiyo na nafasi, mwingine ana hela isiyo na slip. Wakiwekwa pamoja wanaweza kulipa nyumba ndogo. Kwenye fomu ya mkopo hawaonekani kama wawili.

Upande wa hati ndiyo balaa zaidi. Benki inakopesha juu ya hati miliki, karatasi yenye namba ya kiwanja, ramani iliyopimwa na miaka ya umiliki, 33, 66 au 99. Mitaa mingi ya miji ya Tanzania, Tabora ikiwemo, watu wamejenga kwa karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mashahidi wawili na mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ile ina heshima yake mtaani, jirani wote wanajua kiwanja ni cha nani. Lakini ukiipeleka benki wanaikunja kistaarabu wanakurudishia. Kwa hiyo hata mzee mwenye nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, iliyopigwa plasta, yenye wapangaji wanne, anaweza asikopeshwe hata milioni 5 kwa nyumba hiyo.

Na safari ya kuifikia hati ina vituo vyake. Wakati wa misafara, ukipita Ugogo ulikuwa unalipa hongo kwa kila mtemi, vitambaa kadhaa ndiyo uruhusiwe kupita na kuchota maji. Wakati huo hongo lilikuwa ni neno la ushuru, halikuwa na aibu. Leo neno lilipofikia kila mtu anajua. Kijana anayenunua kiwanja cha kwanza anaanza na dalali, anayetaka hela ya kuoneshwa tu hata kama hukupenda. Halafu ile asilimia 10 iliyozoeleka pale ofisi ya mtaa, ambayo wengi wanailipa bila kuuliza imeandikwa kwenye sheria gani. Mwanasheria wa kuandika mkataba. Mpima. Gharama halali za serikali za kupata hati, ambazo nazo zipo na lazima zilipwe. Njiani anaweza kukutana na mtu wa "chai ili faili lisogee". Kila kituo kinakula kidogo kwenye kile kianzio, na hakuna kituo hata kimoja kinachohesabiwa staa akisema mtu ajipange.

Madalali wa Tabora sasa hivi wana wimbo mmoja, SGR. Kila kiwanja SGR inapita jirani. Kiwanja kipo upande wa Malolo, SGR. Kipo upande wa Itetemia, SGR. Kweli reli mpya ya kuja Tabora ipo kwenye mpango na ujenzi umekuwa ukiendelea, na kweli reli hubadilisha mji. Ile ya Mjerumani ilifika 1912 na mpaka leo Tabora ni makutano ya njia za Kigoma na Mwanza. Ila bei ya kiwanja inapandishwa leo kwa treni ambayo mnunuzi hajaipanda, na kianzio kinachokimbizwa kinazidi kwenda mbele.

Sasa yule seremala na mwalimu wake wamefanya nini? Hapa ndipo ubuyu ulipo.

Kwa miaka minne walikuwa wanaweka. Yeye vikoba na mchezo wa walimu, kijana anaficha ya msimu wa tumbaku kwenye laini ya simu ambayo hata mafundi wenzake hawaijui. Ikafika milioni 9 na laki 4. Hapo familia zikanusa. Kamati ya harusi ikaundwa haraka kuliko kamati ya maafa: ukumbi, mshereheshaji, sare, gari la maharusi, bajeti milioni 18. Kadi za mchango zikachapwa, single 50,000, double 100,000. Mjomba mmoja wa upande wa kijana akatamka kabisa kwamba bwana harusi aanze kuonesha mfano kwa kutoa milioni 5 mfukoni.

Dada akagoma. Hakugoma kuolewa, aligoma milioni 5. Akasema hela ile ni kiwanja. Ukawa ugomvi wa wiki tatu. Mama mkwe mtarajiwa akasema binti ana roho ya kibenki. Kijana akakaa katikati kama kitanda ambacho hakijalipiwa. Kuna siku pete ilirudishwa, asubuhi, na jioni ikavaliwa tena.

Hapa watu watagawanyika na waache wagawanyike. Ila ukweli usemwe: Watanzania ni mabingwa wa kuchangishana. Kamati ya harusi inaweza kukusanya milioni 18 ndani ya miezi mitatu kutoka kwa watu wenye mishahara ya laki 5, na zikaisha usiku mmoja kwa bia na kuku. Hakuna benki nchini yenye uwezo huo wa kukusanya vianzio. Watu haohao, siku kijana akisema "nichangieni niweke msingi", wanamblock. Nguvu ya kianzio tunayo mtaani, imepelekwa ukumbini. Wanaosema harusi ni mara moja kwenye maisha wana hoja, lakini kodi ya nyumba inakuja mara mbili kwa mwaka, miezi 6 kwa miezi 6, na mwenye nyumba haulizi picha za harusi zilitokaje.

Mwishowe walifanya ya nusu kwa nusu. Ndoa ndogo, chakula nyumbani, watu 60. Kiwanja milioni 3 na laki 8, kilichopimwa, na bikoni zinaonekana. Kabla hawajalipa, dada alikwenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya manispaa kufanya upekuzi, kujua kiwanja kina jina la nani na kama kina deni au kesi. Dalali akakasirika, akasema hana imani naye. Ni kweli, hakuwa na imani naye, na ndivyo inavyotakiwa. Wako watu wazima wenye hela kuliko wao waliouziwa kiwanja kimoja watu watatu.

Kisha ikaja kesi ya majina. Kijana alidhani jina ni lake moja kwa moja, yeye ndiye mwanaume, na sehemu kubwa ya hela ilikuwa yake. Dada akataka majina mawili. Ndugu wakasema tena ana roho ya kibenki. Lakini mwenye jina ndiye atakayekwenda benki siku moja, ndiye mahakama itamuona, ndiye familia itamsikiliza ikitokea mmoja ametangulia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, hilo ni zuri, ila ridhaa ni kutia saini kwenye mali ya mwenzako na jina kwenye hati ni mali yako. Wasichana wanaochanga kimyakimya kwa miaka minne halafu wanaambiwa "ya kwetu ni moja" waliangalie hilo kwa macho mawili. Maombi ya hati yalipelekwa na majina yote mawili.

Zilizobaki hazikutosha kujenga, na hapa ndipo wengi huangukia pua. Anayekata tamaa ya benki anakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kila wiki, anaweka televisheni na kadi ya benki rehani ili apate saruji. Baada ya miezi minne hana saruji, hana televisheni, na kiwanja kinatafutiwa mteja. Hawa wawili wamekataa huo mchezo. Wanajenga kama Tanzania nzima inavyojenga: tofali za kuchoma tripu moja moja, msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, linta Mungu akijalia.

Ujenzi huo unachekwa sana mitandaoni, eti mapagale. Lakini ukiutazama vizuri, pagale ndiyo benki ya nyumba ya watu wasio na benki. Kila tofali ni kianzio kidogo ambacho hakiliwi na msiba wala mjomba. Halina riba. Halina barua ya mnada. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa, hela inalala. Kuta zinakaa miaka mitano bila paa, mvua za Tabora zinazilamba, na muda wote huo familia inalipa kodi kwingine. Kama kuna mahali benki ingemsaidia kijana wa namna hii kwa kweli, ni hapo: mkopo mdogo wa kupaua, milioni 6 au 8, wa miaka mitatu mpaka mitano, kwa mtu ambaye ameshaweka kiwanja na kuta kwa jasho lake. Hicho ndicho kianzio chake, kimesimama, kinaoneka kwa macho. Kwa milioni 7 na miaka 5, kwa riba ileile ya asilimia 15, rejesho ni kama 167,000, ambalo linakaa ndani ya ile nafasi ya 265,000 ya mwalimu. Benki Kuu iliwahi kuwekewa mfuko wa mikopo midogo ya nyumba kwa wazo la namna hii, kwa hiyo si ndoto. Ni kwamba matangazo ya benki barabarani bado yanaonesha familia inayocheka mbele ya nyumba iliyokwisha, yenye bustani, na hakuna bango hata moja lenye picha ya kuta zisizo na paa.

Kuhusu staa, waliofuatilia udaku wa Bongo kwa muda wanaijua hii sinema. Mjengo unapostiwa Januari, mwenye nyumba halisi anajitokeza Agosti. Au nyumba ni zawadi ya mtu ambaye hatajwi. Au ni mkopo, na kipato cha shoo kimeyumba. Huenda wa huyu ni halali kabisa, na kama ni hivyo ale maisha. Ila shoo moja ya usiku mmoja inaweza kumlipa kianzio ambacho mwalimu anakitafuta miaka 10, na hajawahi kukatwa theluthi. Akitaka kweli kuwafundisha vijana, aposti bei ya kiwanja, riba aliyopewa, rejesho la mwezi na nakala ya hati, namba ameziziba. Hapo darasa litaeleweka.

Kule Malolo kuta zimefika usawa wa madirisha. Fundi amewaambia wanunue nondo za linta kabla ya Desemba kwa sababu mwenye duka amekataa kuwashikia bei. Seremala ameshatengeneza fremu za milango sita za mninga, zimeegeshwa ukutani kwenye ile sebule ya kupanga Ipuli, na wageni wakija inabidi wapite upande.